Radhi Aliyoombwa Ndugu Punda



Katika Kwaresima iliyopita niliitwa nyumbani kwa bibi mmoja wa parokia yetu, aliyezimia akitoka katika ibada ya Njia ya Msalaba. Umri wake umepita miaka 70, naye ameandikiwa dawa za kumeza pamoja na chakula. Siku ile alikuwa amefunga tangu asubuhi. Na kwa kuwa hakula, dawa nazo aliziacha. Nilipomuuliza sababu, alitabasamu akanijibu: “Baba Paroko, si wenyewe mwasema, punda afe, mzigo ufike?”

Nilicheka naye, lakini njiani methali ile haikuniacha. Nilimkumbuka mtakatifu aliyeuita mwili wake punda, akauendesha kama punda, na mwishoni akauomba radhi. Ni kisa ambacho hatukihubiri mara nyingi, nami naona kinawahusu hasa wale ambao miili yao imeanza kuchoka.

Fransisko wa Asizi alizaliwa mwaka 1181 au 1182, mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa. Katika vita vya mwaka 1202 kati ya Asizi na mji jirani wa Perugia alitekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima, na baada ya hapo akaugua kwa muda mrefu. Hivyo, hata kabla ya kuiacha mali ya baba yake na kumfuata Kristo maskini, mwili wake haukuwa mwili wa chuma. Pamoja na hayo aliutwisha mengi. Alilala chini, kichwa juu ya jiwe au gogo. Chakula kilichopikwa alikula kwa nadra, na mara nyingine alikitia majivu au maji baridi ili kuiua ladha yake. Mtakatifu Bonaventura, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya Fransisko kilipokelewa na shirika mwaka 1263, asimulia kwamba aliuita mwili wake “Ndugu Punda”, kwa maana aliona wastahili kubebeshwa mizigo mizito, kuchapwa mara kwa mara na kulishwa chakula duni.

La ajabu ni kwamba ukali huo hakuwatendea wengine. Usiku mmoja, ndugu mmoja kati ya wale wa kwanza alilia gizani kwamba anakufa kwa njaa, kwa sababu ya kufunga kupita kiasi. Fransisko aliamka, akaagiza meza iandaliwe, akaketi akala pamoja naye, na wengine wakala pia, ili yule ndugu asione haya kula peke yake. Vilevile Mtakatifu Klara alipokuwa akijinyima chakula kabisa kwa siku kadhaa za juma, Fransisko pamoja na askofu wa Asizi walimwamuru asipitishe siku hata moja bila kula walau kipande kidogo cha mkate. Kwa kila mtu alikuwa na huruma ya mama. Aliyekosa huruma hiyo ni mmoja tu, naye ni yule aliyembeba yeye mwenyewe.

Ndipo magonjwa yakaja. Mwaka 1219, wakati wa Vita vya Msalaba, alisafiri hadi Misri, akakutana na Sultani al-Malik al-Kamil karibu na Damietta. Alirudi na ugonjwa wa macho, hata mwanga wa jua au wa moto ukawa mateso kwake. Tumbo, ini na wengu navyo vilimsumbua. Mwaka 1224, kule mlimani La Verna, alipokea madonda matakatifu, na tangu hapo kutembea kulimwia vigumu. Basi yule aliyeuita mwili wake punda akawa anapelekwa vijijini juu ya mgongo wa punda. Mwaka 1225, karibu na Rieti, matabibu walimchoma kwa chuma cha moto kuanzia shavuni hadi kwenye nyusi ili kuyaponya macho, lakini haikusaidia kitu. Hakuwa mzee kwa hesabu ya miaka: alikuwa na umri wa takriban miaka 44, ambao sisi mapadre wa rika langu tunajiona bado tuna nguvu. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kuzeeka.

Tomaso wa Celano, aliyeandika kitabu chake cha pili juu ya Fransisko katika miaka ya 1246 na 1247, asimulia kwamba mgonjwa huyo alisitasita kutumia dawa, akihofu kwamba anaudekeza mwili. Ndugu mmoja akamuuliza kama mwili huo ulimtii siku zote alizokuwa na nguvu. Fransisko alikiri kwamba haukukataa lolote, ulikimbilia kila alichouamuru. Ndugu akamwuliza tena: je, hivyo ndivyo rafiki mwaminifu anavyolipwa, aachwe wakati wa shida yake? Fransisko hakubishana. Aliusemesha mwili wake kwa furaha, akauita ndugu, akauomba umsamehe, akaahidi kuanzia hapo kuutimizia mahitaji yake.

Tena, siku zake za mwisho alimtamani mwanamke rafiki yake wa Roma, Bibi Jacopa, pamoja na vile vitamutamu vya lozi alivyokuwa akimtengenezea zamani. Jacopa alifika navyo, na Fransisko akaonja kidogo tu, kwa maana nguvu zilikuwa zimekwisha. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Mtu aliyetia majivu katika chakula chake aliiaga dunia akiwa ameomba kitu kitamu, wala utakatifu wake haukupungua.

Klara alilielewa somo hilo. Yeye mwenyewe aliugua karibu miaka 28, hadi kifo chake mwaka 1253. Mnamo mwaka 1238 alimwandikia Agnes wa Praha, binti wa mfalme wa Bohemia, akimsihi apunguze ukali wa kufunga, kwani mwili wa binadamu ni dhaifu, hauna ugumu wa shaba wala wa mwamba.

Ndugu zangu, Kanisa nalo limeiweka hekima hii katika sheria. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba kufunga kunawabana waamini tangu wanapotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Bibi yule, basi, hakuwa na wajibu huo kwa zaidi ya miaka kumi. Alijitwisha mzigo ambao Mama Kanisa alikwisha kumtua.

Sisemi tuwe walegevu. Sadaka, sala na uvumilivu havina umri wa kustaafu. Lakini mzee ambaye magoti yamekataa na aketi bila aibu wakati wengine wanapiga magoti. Anayehitaji mkongojo na aupokee. Anayeficha maumivu ili asiwasumbue watoto wake na ayaseme mapema. Anayekemea mikono yake kwa kutetemeka na akumbuke ni watoto wangapi ilibeba. Tusingeweza kumtendea jirani mgonjwa vile tunavyojitendea wenyewe, na Bwana alituagiza kumpenda jirani kama nafsi zetu.

Nilimrudia bibi nikamsimulia haya yote. Alinyamaza, kisha akasema: “Kumbe hata yeye aliomba radhi.” Sasa hunywa uji wake kwanza, ndipo akameza dawa. Nami nimemwambia kwamba methali yake ina kasoro: punda akifa njiani, mzigo nao hulala njiani.

Nawatakieni Dominika njema, na baraka ya Mungu Mwenyezi iwashukie.

Paroko wenu.