Nyumba Bila Ardhi

Msomaji, ukifika Mombasa ukapita mitaa ya Majengo, utaziona nyumba za Kiswahili zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili. Mwulize mwenye nyumba, "Nyumba hii ni yako?" Atakujibu kwamba ni yake, na pengine baba yake ndiye aliyeijenga. Mwulize tena, "Na ardhi je?" Huenda akakwambia kwamba ardhi ni ya mtu mwingine, naye humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Hayo ndiyo yaitwayo nyumba bila ardhi.

Mtu wa bara husikia ajabu, maana sheria ya Kiingereza yasema kwamba kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Lakini pwani, kwa sharia ya Kiislamu na mila za wenyeji, vitu hivyo viwili vilitengana tangu zamani. Mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama katika shamba la mwenziwe, akaiuza au akairithisha, na udongo ukabaki kwa mwenyewe.

Basi sheria hizo mbili zilikutana baada ya mwaka 1895, Waingereza waliposhika utawala wa ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyedai ardhi katika ukanda ule alitakiwa apeleke dai lake mbele ya mwandishi wa hati, alithibitishe, kisha apewe hati ya kumiliki. Ardhi isiyodaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa ya Serikali.

Hapa neno "kumiliki" lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Mwenye karatasi, shahidi na wakili alijua maana yake. Wamijikenda wengi walilima pamoja ardhi ya ukoo, nayo haikuwa na jina la mtu mmoja la kuandikwa katika daftari. Wengi hawakudai, na madai ya jamii nzima hayakupata nafasi katika sheria ile. Wakaendelea kulima mahali pale pale, lakini sasa wakiitwa maskwota.

Yafaa pia ulipime neno "muda". Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi wapangishwe ardhi ya Serikali kwa miaka 999. Aliyejenga Majengo alikaa kwa mwezi mmoja mmoja. Wote wawili waliitwa wapangaji!

Tazama sasa mambo ya thamani. Mthamini akiulizwa thamani ya mali katika soko, hutafuta bei ambayo mwuzaji na mnunuzi wangepatana, wote wakijua hali ya mali yenyewe, wala hapana aliyeshurutishwa. Kwa nyumba bila ardhi atahesabu kuta, paa na kodi ya vyumba, kiwanja hakimo. Tena mnunuzi mwenye akili atauliza: mwenye ardhi akitaka kiwanja chake, nitabaki na nini? Hofu hiyo hushusha bei. Hata ukitaka kukopa, benki kwa kawaida hudai hati ya ardhi iwe rehani, na wewe huna. Mji ukikua, kiwanja hupanda thamani, na faida hiyo humwendea mwenye udongo, hata kama waliouchangamsha mtaa ni wenye nyumba. Mimi naona hapo ndipo penye uchungu, kupita hata kodi yenyewe.

Labda utauliza kwa nini uhuru haukuyafuta hayo. Mwezi wa Oktoba 1963, ukanda ule ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, walibadilishana barua. Katika barua hizo iliahidiwa kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa pwani zitaheshimiwa. Hivyo hati zilizotokana na sheria ya 1908 ziliingia katika Kenya huru zikiwa na nguvu zake.

Katiba ya mwaka 2010 iligawa ardhi ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Fungu la jamii ndilo lile ambalo daftari la 1908 halikuwa na mahali pa kuliandika. Lakini sehemu kubwa ya mashamba ambayo koo zililima wakati ule ilikwisha kuandikwa katika mafungu yale mengine mawili.