Siku Optimus Prime alikufa: historia ya katuni zilizozaliwa dukani

Leo niko na historia ya katuni. Najua wengine watacheka: mtu amemaliza iniversite na bado anaandika juu ya desen anime? Ngojeni kwanza. Ndani ya hii historia kuko sheria, kuko pesa nyingi, kuko serikali ya Marekani, na kuko watoto waliolia ndani ya sinema mwaka 1986 juu kampuni moja ilitaka kupanga upya bidhaa zake.

Tuanze 1969. Kampuni ya Mattel, ile ya Barbie, ilikuwa inauza magari madogo ya kuchezea yanayoitwa Hot Wheels. Televizio ya ABC ikaanza kuonyesha katuni yenye jina hilohilo. Kampuni nyingine ya michezo ya watoto, Topper, ikapeleka malalamiko kwa FCC, tume ya serikali inayosimamia radio na televizio kule Marekani. Hoja yao: hii si katuni, ni tangazo la biashara la nusu saa. FCC ikaona wana haki, ikataka vituo vihesabu sehemu ya kipindi kama muda wa matangazo. Katuni haikudumu. Lakini angalieni vizuri: aliyelalamika hapo hakuwa mzazi wala mwalimu, alikuwa mshindani wa soko. Wazazi walikuja na njia yao. Mama mmoja wa Massachusetts, Peggy Charren, alianzisha mwaka 1968 chama cha kutetea watoto mbele ya televizio, na kwa kusukumwa na watu kama yeye, FCC ilitoa mwaka 1974 maelekezo juu ya matangazo ya watoto. Kwa miaka kama kumi hivi mlango ulikuwa umefungwa.

Katikati ya hiyo miaka kukatokea Star Wars. Mattel walipewa nafasi ya kutengeneza michezo ya hiyo filme, wakakataa. Kenner wakakubali, na mwaka 1977 watu walizitaka pupe za Star Wars kiasi kwamba Kenner, juu hawakuwa tayari, waliuza Noeli ile karatasi ngumu yenye hati ndani: lipa sasa, pupe zitakuja kwa posta mwaka ujao. Wazazi walinunua ahadi. Mattel waliumia sana, wakatafuta shujaa wa kwao wenyewe.

Shujaa huyo ni He-Man. Sisi wa masomo ya Kifaransa tungemjua zaidi kwa jina la Musclor, juu Wafaransa waliita ile katuni *Les Maîtres de l'univers* na yeye wakampa jina la misuli yake, na sioni kama walikosea. Roger Sweet, mmoja wa wabunifu wa Mattel, amesimulia kwamba alichukua pupe ya zamani ya kampuni inayoitwa Big Jim, akaipaka udongo wa kufinyangia ili iwe na kifua kikubwa, akatengeneza tatu za namna hiyo, akazipeleka kwa wakubwa. Mwenzake Mark Taylor, aliyechora wahusika, naye alidai ubaba wa He-Man, na wazee hao wawili walibishana miaka mingi. Kwetu hapa jambo la maana ni ule mpangilio: kwanza mwili, halafu jina, mwisho hadithi. Pupe zilitoka dukani mwaka 1982. Katuni ikafuata Septemba 1983.

Iliwezekana namna gani na sheria ilikuwepo? Hapo njo siasa inaingia. Rais Reagan aliweka mkuu mpya wa FCC mwaka 1981, bwana Mark Fowler. Kwake televizio ilikuwa chombo cha nyumbani kama vingine, sawasawa na mashine ya kuchoma mkate, tofauti ni kwamba hii iko na picha. Kama ni mashine ya mkate, serikali itaisimamia juu ya nini? Mlango ukaanza kufunguka polepole, na mwaka 1984 mipaka ya muda wa matangazo ikaondolewa kabisa.

Filmation, studio ya Lou Scheimer, ilitengeneza sehemu 65 za He-Man kwa msimu wa kwanza. Kwa nini 65? Ni hesabu tu: siku tano kwa juma, majuma 13. Mtoto akitoka masomo kila siku anamkuta He-Man anamngojea. Ili kupunguza gharama walirudilia picha zilezile: mbio zilezile, ngumi ileile, kicheko kilekile cha Skeletor. Na mwisho wa kila sehemu waliweka somo dogo la adabu, uwaheshimu wazazi, usidanganye, usichezee moto. Wakosoaji walisema ni kujipaka manukato. Mimi naona ni manukato kweli, lakini watoto wengi waliyakumbuka kuliko vita zenyewe.

Hasbro, mshindani wa Mattel, alikuwa mjanja zaidi. Mwaka 1982, kabla sheria haijalegea, alitaka kuuza askari wadogo wa G.I. Joe. Tangazo la mchezo wa watoto halikuruhusiwa kujaza picha za katuni, ili mtoto asidanganyike kwamba pupe inatembea yenyewe. Hasbro wakaenda kwa Marvel, wakaomba kitabu cha hadithi za picha cha G.I. Joe, halafu wakalipa matangazo ya televizio ya kile kitabu. Kitabu si mchezo wa watoto, kwa hiyo katuni ndani ya tangazo lake haikukatazwa. Nikisoma mambo kama haya nawaza wenzetu wa kitivo cha sheria, wangefurahi kukutana na mfano huo kwenye ekzame.

Mwaka 1984 wakaja Transformers. Hapo hadithi inaanzia Japani: kampuni ya Takara ilikuwa na roboti zinazogeuka gari, bunduki, redio ya kaseti, ziko katika mistari miwili, Diaclone na Microman. Hazikuwa na majina tunayoyajua wala hazikuwa na ugomvi wowote kati yao. Hasbro wakanunua haki, wakarudi kwa Marvel: tupatieni sababu hivi vyuma vinapigana. Jim Shooter akaandika chanzo cha vita. Bob Budiansky akapewa kazi ya kubatiza roboti karibu zote na kuandikia kila moja tabia yake, mwoga, mwenye kiburi, mwenye huruma. Jina la Optimus Prime lenyewe lilitoka kwa Dennis O'Neil.

Sauti ya Optimus alipewa Peter Cullen. Siku ya kwenda kujaribiwa alimwambia kaka yake Larry, askari aliyepigana Vietnam, kwamba anaenda kuomba nafasi ya shujaa ambaye ni lori. Larry akamshauri awe shujaa wa kweli, mwenye nguvu za kutosha kiasi cha kuweza kuwa mpole, asipige makelele. Cullen aliweka sauti ya kaka yake ndani ya lile lori. Kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kiuzwe kikapata roho ya mtu aliyerudi kutoka vita. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo ndani ya ofisi za Hasbro.

Agosti 1986 ikatoka filme ya Transformers. Ndani ya nusu saa ya kwanza hivi roboti nyingi za zamani zinapigwa na kufa, halafu Optimus Prime mwenyewe analala juu ya meza, mwanga wa macho unazimika, mwili unageuka kijivu. Sababu haikuwa ya sanaa. Michezo ya 1984 ilikuwa imeuzwa vya kutosha, sasa kulitakiwa nafasi kwa michezo mipya. Flint Dille, mmoja wa washauri wa hadithi, amesimulia mara nyingi kwamba wao walifikiri wanaondoa bidhaa ya zamani, hawakujua kwamba wanaua baba. Watoto walilia ndani ya sinema, wazazi wakaandika barua za hasira. Hasbro wakashtuka. Filme ya G.I. Joe ilikuwa inatengenezwa wakati uleule, na ndani yake kiongozi Duke alitakiwa kufa. Wakabadilisha maneno haraka, Duke akawekwa katika usingizi wa hospitali. Februari 1987 Optimus akafufuliwa kwenye televizio.

Mimi nasimama hapo. Peggy Charren na wenzake walikuwa na haki kuhusu nia ya wauzaji, nia ilikuwa wazi kama jua. Lakini kama katuni ilikuwa tangazo tu, kifo cha Optimus kingekuwa tangazo zuri sana: hiki kimeisha, nunua kile. Watoto walikataa kusoma tangazo hivyo. Walikuwa wamechukua hadithi, wakaiamini kuliko wenye kuiuza.

Kuko ushahidi mwingine, na huo uko kwetu. Kizazi changu pale Kadutu, Bukavu, tulimjua Optimus kwa filme za Michael Bay, kuanzia ile ya 2007, kwenye CD za kukopiwa. Roboti yenyewe ya kuchezea sikuwahi kuiona kwenye butiki yoyote ya kartie yetu. Tuliitengeneza kwa waya, kwa makopo ya sardini na vifuniko vya chupa, ikageuka mara moja tu, ya pili inavunjika. Tangazo lilitufikia bila bidhaa. Hakuna mtu Hasbro aliyepata hata faranga kutoka kwetu, na bado tuligombana nani atakuwa Optimus. Nani alituuzia nini hapo?

Wauzaji wenyewe hawakukaa salama. Roger Sweet ameandika kwamba mauzo ya He-Man Marekani yalishuka kutoka dola milioni 400 mwaka 1986 hadi milioni 7 mwaka 1987. Milioni 7! Watoto walikua, soko lilikuwa limejaa. Sheria nayo ikarudi kwa nusu: Reagan alikataa kutia sahihi mwaka 1988, lakini mwaka 1990 ikapita sheria ya televizio ya watoto, matangazo yasipite dakika 10 na nusu kwa saa mwisho wa juma na dakika 12 siku za kazi. Katuni za michezo hazikukatazwa.

Wale watoto, wakiwa watu wazima, wakaanza kutafutana. Mwaka 1994 wapenzi wa Transformers walikusanyika Fort Wayne, Indiana, kwa mkutano wao wa kwanza wa BotCon. Filme ya 2007 ilipotengenezwa, walidai Peter Cullen arudishwe, na akarudi, akiwa na miaka 60 na zaidi. Mwaka 2008 Mattel nao wakaanza kuuza kwa intaneti pupe za He-Man zilizotengenezwa kwa ajili ya wakubwa, watu wenye mshahara na kabati ya vioo.

Na mwaka 2019 Hasbro wakatangaza Unicron, yule roboti mkubwa kama sayari wa filme ya 1986, ambaye sauti yake ilikuwa ya Orson Welles na ambaye mchezo wake haukuwahi kutoka wakati ule. Bei: karibu dola 575. Masharti: watu 8,000 waagize kwanza, la sivyo haitengenezwi. Muda uliowekwa ukaisha hawajafika, Hasbro wakaongeza siku, na 8,000 wakapatikana. Walilipia kitu ambacho hakijakuwepo bado, sawasawa na wazazi wa Noeli ya 1977.