Mtumishi wa Ufipa na haki ya kukaa mezani

Mwalimu wa Wampembe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa na madai ya malimbikizo hupanda milima ya Ufipa hadi Namanyere, makao makuu ya Halmashauri ya Nkasi. Nauli anajilipia mwenyewe. Katika hati yake ya mshahara, asilimia mbili imeshakatwa kuwa ada ya chama cha wafanyakazi. Ana haki ya kuuliza chama kinamjadilia nini, na swali hilo ni la zamani.

Chama cha kwanza cha Waafrika waliotumikia serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba. Kilikuwa cha makarani na wasomi, na kiliomba zaidi kuliko kudai. Chama kilichokirithi, TAGSA, ndicho kilichomlea Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL.

Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mwezi huohuo Tanganyika ikaridhia Mkataba Namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu majadiliano ya pamoja, mkataba ambao wenyewe unawaacha nje watumishi wanaoendesha utawala wa dola. Mwaka haujaisha, ikapita sheria ya kumzuia mtumishi wa serikali anayelipwa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka asijiunge na chama cha wafanyakazi. Nchi ilikuwa changa na hazina yake ndogo. Hofu ya viongozi naielewa. Lakini kilichofuata kilikuwa kizito zaidi. Baada ya maasi ya jeshi ya 1964, TFL ilivunjwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, na katibu mkuu wake akawa Michael Kamaliza, Waziri wa Kazi. Mwajiri na msemaji wa mwajiriwa wakawa upande mmoja wa meza.

Vyama huru vilirudi miaka ya 1990. Chama cha Walimu, CWT, kilisajiliwa 1993. Sheria ya 2003 ikaweka mabaraza ya pamoja ya majadiliano katika utumishi wa umma.

Julai 2012 walimu waligoma. Miongoni mwa madai yao ilikuwamo posho ya asilimia 30 kwa wanaofundisha kwenye mazingira magumu, na ukitaja mazingira magumu huwezi kuruka vijiji vya mwambao wa Nkasi wala Bonde la Rukwa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikatamka kuwa mgomo ni batili, walimu wakarudi darasani.

Mei Mosi 2025, huko Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ni nyongeza kubwa na ilistahili. Hata hivyo, ilitangazwa jukwaani, na kinachotangazwa jukwaani hakimpi mtumishi karatasi ya kudai nayo. Posho ya mazingira magumu ijadiliwe barazani, iandikwe na isainiwe na pande zote mbili kabla bajeti haijapelekwa bungeni.