Mchezo ni nini, na kwa nini watu huupenda? Kutoka bao la Pwani hadi Burnt Forest

Neno "mchezo" limebebeshwa mengi. Mtoto akifinyanga udongo anacheza, timu mbili uwanjani zinacheza, ngoma ikilia watu hucheza, na fundi akikuahidi kesho kwa mara ya tatu utamwambia aache mchezo. Hapa tunazungumzia aina moja tu: mchezo wenye kanuni, ambao mwishoni mmoja hushinda na mwingine hushindwa.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza mchezo ni kujaribu kwa hiari kuvuka vikwazo visivyo vya lazima. Fikiria mpira. Kama haja ingekuwa kuuingiza mpira golini tu, mtu angeubeba kwa mikono usiku, uwanja ukiwa mtupu. Hakuna atakayemshangilia. Kanuni hutunyima njia rahisi, nasi tunakubali kunyimwa, kwa sababu bila ugumu ule hakuna utamu.

Bao linaonyesha jambo hili vizuri kuliko michezo mingi. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili, kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 zilizobaki huzitia moja moja wakati wa kunamua. Zikiisha mkononi, mchezo huingia hatua ya mtaji. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Hata hivyo kete moja inaweza kuzunguka, ikala, ikazunguka tena, mpaka aliyeitia mwenyewe akashangaa ilipolala. Akili inapata kazi inayoitosha. Pembeni wako wapambe wasiocheza ambao, kwa maoni yangu, ndio hufaidi zaidi: wanaona kosa kabla ya mwenyewe, na hawashindwi kamwe.

Mpwani anaweza kudhani haya ni ya barazani kwetu tu. Apande basi hadi Burnt Forest, mji wa baridi kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, katika kaunti ya Uasin Gishu. Wengi wa wakazi wake ni Wakalenjin na Wakikuyu, na jamii zote mbili zina mchezo wa asili wa ukoo mmoja na bao. Kwa Wakalenjin ni kechuiek, kwa Wakikuyu ni giuthi. Kanuni zinatofautiana, lakini mkono ni ule ule: unachota kutoka shimo moja, unapanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Siku hizi, kama katika miji mingine mingi ya Kenya, drafti ya vifuniko vya soda imetamba kuliko hiyo ya wazee.

Nimeutaja mji huu kwa sababu nyingine pia. Wanasiasa wetu hupenda kusema siasa ni mchezo. Mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga aliandika mwaka 1938 kwamba mchezo una mipaka yake ya mahali na wakati, kando ya maisha ya kawaida, ukiisha, umeisha. Burnt Forest iliona machafuko mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na wengi wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Katika bao, ukipoteza nyumba unapoteza kete. Aliyeshindwa anainuka, anaenda kwake, anakuta mlango wake upo. Kanuni zenyewe zilikubaliwa na wote wawili kabla ya kete ya kwanza, na anayezikataa katikati ameuvunja mchezo, hata kama ubao bado umejaa.

Kuna kingine kinachojiita mchezo: kamari ya simu, ambayo imewanasa vijana wa bara na Pwani sawasawa. Kijana anayewekea pesa mechi ya Uingereza hachezi mpira. Wanaocheza ni wengine, naye hana mguu wala mkono katika matokeo. Msisimko wake ni wa kweli, sikatai, na ndiyo maana anarudi. Lakini viwango vya malipo vimepangwa na kampuni ili faida ibaki kwake, na kinachopotea ni kodi ya nyumba au karo. Barazani, aliyefungwa mara tano anaweza kusema "tupange tena", na kete zote 64 bado zipo.