Dopamini ni nini, na kwa nini mkeka ukichanika bado unataka kubeti?

Msikilizaji mmoja alituandikia baada ya kipindi cha afya. Anabeti kwenye simu tangu msimu wa ligi uanze, mbuzi wawili wameshauzwa, na sasa kuna muuzaji amemwambia kwamba dopamini yake imeshuka, anunue dawa ya unga ya kuipandisha. Aliuliza: ninunue? Jibu letu ni hapana, na sababu zake ni hizi.

Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana taarifa. Arvid Carlsson wa Sweden, aliyeonyesha miaka ya 1950 kwamba ina kazi yake yenyewe katika ubongo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Seli zinazoitengeneza zikifa kwa wingi, mtu hupata ugonjwa wa Parkinson: mikono inatetemeka, mwili unakakamaa, hatua zinakuwa fupi. Wengi huiita kemikali ya raha, lakini kazi yake kubwa ni kutusukuma tukitake kitu. Kutaka si sawa na kufurahia. Muulize mvuta sigara: ya kumi kwa siku haina utamu, ila mkono unaitafuta.

Mtafiti Wolfram Schultz aliwapa nyani juisi huku akipima seli zao za dopamini. Juisi ikija ghafla, seli ziliamka. Nyani walipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli ziliitikia taa, si juisi tena. Kwa mchezaji, taa hiyo ni mlio wa ujumbe wa ofa kwenye simu. Na mkeka wa mechi nane uliochanwa na timu moja tu, ubongo wake huuchukulia karibu kama ushindi, ndiyo maana anaona kesho lazima atapata.

Kuna jambo ambalo muuzaji wa unga hakulisema. Baadhi ya dawa za Parkinson huiga dopamini, na wapo wagonjwa ambao hawakuwahi kucheza kamari wakaanza kuicheza baada ya kupewa dawa hizo. Dozi ikipunguzwa, wengi huacha. (Kama unazitumia, usiache mwenyewe, zungumza na daktari wako.) Sasa fikiria: unga mwingi unaouzwa kwa sifa hii hutokana na mbegu za upupu, ndiyo, ule ule unaowasha shambani. Mbegu hizo zina levodopa, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini. Zinaweza kutapisha na kushusha presha, na mtu anayepambana na kamari hana sababu ya kujaribu.

Mirungi nayo huchochea dopamini kupitia kathinoni, ambayo hupungua nguvu jani likinyauka. Ndiyo maana vifungu huviringishwa kwenye majani ya mgomba na kusafirishwa mbio. Sigara na pombe hufika huko huko kwa njia zao. Ubongo unaochochewa kila siku hupunguza mwitikio wake, kwa hiyo mtu huongeza kiasi ili apate kile kile cha mwanzo.

Na chakula? Mwili hutengeneza dopamini kutokana na tairosini iliyomo kwenye maharage, dagaa, mayai, karanga na maziwa, ukisaidiwa na madini ya chuma. Ukila hivyo kawaida, kuongeza zaidi hakupandishi kitu. Ndizi ina dopamini yenyewe, lakini ile ya kula haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni.

Tulimshauri msikilizaji wetu afute programu ya kubeti, azuie jumbe za ofa, na pesa ya mauzo ipokelewe kwenye simu ya mke wake. Hamu ikipanda, atoke akafanye kazi ya mikono. Mara nyingi hupoa ndani ya nusu saa. Kama usingizi umepotea au anawaza kujidhuru, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.