AKITOKA GEREZANI ARUDI KWA NANI?

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Nimeombwa niandike historia. Habari za hisa na mikopo ataeleza mweka hazina. Mimi niliyeishia darasa la saba nitaandika jambo moja tu, namna tulivyojifunza kumpokea mtu aliyetoka gerezani.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Bibi Titi Mohamed tunamjua sote. Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuongoza akina mama wa TANU. Aliwapata wapi? Alipita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, waliozoea kusaidiana kama sisi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamsamehe. Lakini alipotoka, ndoa ilikuwa imevunjika, na wengi wa wenzake wa siasa walimkwepa. Hadi mwaka 1991, taifa lilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, ndipo alipotajwa tena kuwa shujaa. Hesabuni wenyewe. Gerezani hakufikisha miaka minne, lakini kusubiri watu wamkumbuke ilikuwa miaka 19! Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Majirani zetu wa Uganda wana Susan Kigula. Mwaka 2002 alihukumiwa kunyongwa. Akiwa gereza la Luzira yeye na wafungwa wenzake zaidi ya 400 walifungua kesi, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Humo humo ndani alisoma sheria na kuwafundisha wenzake. Alitoka mwaka 2016, na tangu hapo amejishughulisha kusaidia watoto ambao wazazi wao wako kifungoni.

Sasa ya hapa kwetu Kishapu. Mwaka wetu wa pili alikuja mama mmoja ambaye alikuwa amemaliza kifungo. Jina silitaji, mwenyewe anajijua. Mume alikuwa ameoa mwingine, na shamba lake la pamba analima mtu mwingine. Aliomba mkopo wa shilingi 50,000 auze michembe mnadani Mhunze. Tukauliza, nani atamdhamini? Kimya. Kwa kweli hata mimi mwenyekiti niliangalia chini. Niliogopa hela zetu, na niliogopa maneno ya watu. Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, akasimama na kusema, "Mayu huyu adhabu yake ameshaimaliza. Ninyi mnamfunga kwa kosa gani?" Akamdhamini kwa hisa zake zote.

Jamani, niliona aibu. Yule mama alirejesha mkopo wote kabla ya muda kwisha. Sasa sanduku letu lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja anao yeye. Tena ndiye anayetufundisha. Akisikia kuna mama ametoka gerezani, huenda kumpokea akiwa na kitenge na unga kutoka mfuko wetu wa jamii, halafu anamleta kikaoni. Mpaka leo wamekuja wanne. Mmoja alitushinda, aliondoka na deni. Watatu wapo, mnakaa nao kila wiki.

Ndugu zangu, mara nyingi sikukuu za Uhuru na Muungano tunasikia redioni wafungwa wamesamehewa. Serikali ikishafungua mlango wake, unabaki wa kwetu. Yule bibi hayupo tena duniani. Kwa miaka kumi ijayo naomba mtu akiuliza nani atadhamini, tusiangalie chini.

Mwenyekiti wenu