Betri na Chumba Chake

Mji wa Machakos ni mkongwe kuliko Nairobi. Ulikuwa tayari kituo cha Waingereza katika bara wakati Nairobi ilipokuwa bado mbuga yenye maji. Lakini reli ilipojengwa haikupita hapo, na mwaka 1899 makao ya utawala yakahamia Nairobi. Tangu siku hizo watu wa Ukambani wamezoea kuona vitu vipya vikipita kando yao, na umeme nao ulifanya vivyo hivyo. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, nazo nyaya za umeme wake zilipita juu ya nyumba nyingi zilizokuwa zikiwashwa koroboi. Kwa hiyo wengi hawakungoja nyaya, bali waliuleta umeme nyumbani ndani ya sanduku zito, yaani betri ya risasi na tindikali.

Betri hiyo ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté, aliyetia mabamba ya risasi katika tindikali ya salfa. Ilikuwa betri ya kwanza iliyoweza kutiwa nguvu tena baada ya kuisha. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, aliyapaka mabamba ujiuji wa oksidi ya risasi, na betri ikafaa kwa kazi kubwa. Lakini inapokaribia kujaa, umeme unaozidi huyatenga maji yaliyomo yawe gesi mbili, oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa mara 14, basi hupanda na kukusanyika chini ya dari. Ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche ndogo kabisa yatosha kuilipua.

Mafundi wa zamani waliijua habari hiyo. Nyumba kubwa za simu zilikuwa na betri nyingi sana, nazo zilijengewa chumba chao wenyewe, chenye njia za kupitisha hewa. Mahali ambapo hewa haiwezi kupita, msiba huwa karibu. Agosti 1949 nyambizi ya Marekani iitwayo Cochino ilizama kaskazini ya Norwei baada ya haidrojeni kulipuka katika vyumba vya betri zake, na watu 7 wakapoteza maisha katika msiba huo.

Betri ilipofika vijijini, ilikuja bila chumba chake. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu wa mashamba walichukua betri za magari kwa baiskeli na matatu hadi sokoni, zikatiwe nguvu kwa ajili ya redio na televisheni. Mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilitiwa taa za umeme wa jua, na baadaye shule nyingine nyingi zikafuata njia hiyo. Lakini betri ni mali ya thamani, na mwenye mali huogopa mwizi. Kwa hiyo mara nyingi hufungiwa katika stoo isiyo na dirisha.

Hebu tufanye hesabu. Ampea 1 ikipita kwa saa moja katika betri iliyojaa ya volti 12, hutoa kadiri ya lita 2.5 za haidrojeni. Betri 10 zikizidi kutiwa ampea 10 kila moja hutoa lita 250 kwa saa. Chumba chenye mita 3 kila upande kina lita 27,000 za hewa, na sehemu 4 katika 100 za hewa hiyo ni lita 1,080. Basi kikifungwa kabisa, chaweza kufikia kiasi cha hatari katika muda wa saa nne na kidogo, na karibu na dari mapema zaidi.

Dawa yake si ghali. Chumba kiwe na matundu chini katika ukuta mmoja, na mengine juu, karibu kabisa na dari, katika ukuta unaoelekea, yote yakitokea nje. Nondo na wavu wa chuma vitamzuia mwizi bila kuizuia hewa. Swichi na soketi zikae nje, na koroboi wala sigara isiingie. Chaja izimwe kwanza, ndipo vibanio vitolewe, kwa maana hapo ndipo cheche huruka. Volti 12 hazimtetemeshi mtu, lakini spana ikigusa ncha zote mbili, mamia ya ampea hupita na chuma huwaka chekundu. Kwa hiyo vua pete na saa, na mpini wa spana uuzungushie utepe wa mpira. Tindikali ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali. Ikimwagika sakafuni, magadi huituliza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli katika mambo mengi. Lakini katika chumba cha betri, yule anayeziba kila ufa ndiye atakayejenga ukuta upya. Wengi wenu mtakuwa mafundi, walimu na wakuu wa shule. Siku mtakapopokea betri mpya, ulizeni kwanza chumba chake ki wapi, na hewa yake itapita wapi.